Sindano Kumi na Mbili za Baba

Miaka minne iliyopita baba yangu, fundi cherehani, aliniambia kwamba haoni tena tundu la sindano. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha, nilipita kwenye chumba chake cha kazi nikamtungia sindano kumi na mbili na kuzichomeka kwenye mto wake mdogo: za uzi mweusi kulia, za kahawia kushoto. Rangi hizo mbili zilimchanganya, basi akauamini upande. Yaani aliniamini mimi.

Kisha mdogo wangu akarudi nyumbani. Kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa kimefungwa, naye alikuja na sanduku moja na haya ya mtu mzima anayelala tena kwenye kitanda cha utotoni. Siku ya tatu nilikuta sindano zote zimekwisha kutungwa.

"Mwenzio kakuwahi," baba alisema akicheka. "Tena vidole vyake havijakakamaa kwa chaki."

Nilicheka nami, lakini utani ule ulinichoma kama mwiba. Wiki nzima nilipita pale nikiwakuta wamekaa bega kwa bega, wakisimuliana mambo ambayo mimi sikuwahi kusimuliwa. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji niliugua.

Alhamisi, walipokuwa uani wakinywa chai, nilizihamisha sindano: za kulia kushoto, za kushoto kulia. Nilitaka ionekane mdogo wangu amekosea, mara moja tu, ili baba anikumbuke.

Jumamosi wakili mmoja alikuja kuchukua koti lake jeusi, ambalo baba alilishona pindo Alhamisi ile. Akaligeuza penye mwanga, akauliza kwa upole kwa nini pindo limeshonwa kwa uzi wa kahawia. Baba aliomba radhi, akaahidi kulirekebisha kabla ya jioni. Wakili alipokwenda, mdogo wangu alibaki akivitazama vidole vyake.

"Hata sindano zimenishinda," alisema. "Baba, niache niondoke. Nisije nikakufukuzia wateja."

Nilikuwa nimeupata ushindi wangu, na sikujua pa kuuweka. Nikaeleza nilichofanya, bila kujitetea. Laiti wangenikaripia.

"Ungeniambia tu, dada," mdogo wangu alisema. "Ningekupisha."

Baba alivua miwani. "Ulipoachika," aliniambia, "ulikaa kwenye kiti hicho siku tisa, chakula hukigusi. Ndipo nikakwambia sioni tundu. Nilikuwa naliona, mwanangu. Nilitafuta cha kukushikisha. Sasa silioni kweli, na anayehitaji cha kushika ni huyu."

Kumbe nilichokilinda kama urithi kilikuwa dawa, na sasa ilikuwa zamu ya mgonjwa mwingine. Jambo hilo lilipaswa kunituliza. Badala yake nilimwonea mdogo wangu wivu hata kwa kuumwa kwake.

Mdogo wangu alilichukua koti, akalipakata, akaanza kuung'oa uzi kwa nguvu. Kufumua bila kuchana kitambaa baba alikuwa amenifundisha mimi peke yangu. Nilimtazama akivuta mara moja, akavuta mara ya pili.

"Usivute," nilisema hatimaye, nikasogeza kiti karibu naye, nikachukua mkasi na kuanza kukata upande wangu wa pindo. "Kata kila mshono wa tatu, kisha ugeuze upande wa pili."

"Hivi?"

"Hivyo. Polepole."

Baba aliinama kutusikiliza. Uso wake ulikuwa umeelekea kwa mdogo wangu, nami niliendelea kukata.