Dawa ya Uzazi

Mama Victorine alivikuta vidonge chini ya godoro la mkaza mwanawe, akatoka navyo mpaka dukani.

"Léontine, hii njo dawa gani?"

Aliyebanwa hachagui maneno. "Ya uzazi, Mama," alijibu Léontine, na mkwewe akacheka kwa furaha. Kumbe mke wa mwanawe Mbusa anatafuta mtoto wa tatu!

Lo, masikini! Léontine alikuwa amepasuliwa mara mbili, na daktari wa Goma alimwambia waziwazi kwamba mimba nyingine itamzika. Vidonge vilikuwa vya kuizuia. Mbusa hakujua; angejua, angemrudisha kwao Butembo bila watoto wake. Na mwaka ule wa 1968, mamluki wa Kizungu walipokwisha kuondoka nchini, padri alitangaza altarini kwamba anayemeza dawa hizo asisogelee komunyo. Léontine aliisogelea kila Jumapili, mkwewe asije akauliza.

Mama Victorine alichukua nusu ya vidonge, akampelekea bintiye Augustine, aliyeolewa Masisi na mkulima aitwaye Marcellin. Augustine hakuwa amezaa, na Marcellin alikwisha kusema: maharagwe yakivunwa hana mimba, atamrudisha kwao.

Léontine angeweza kusema. Hakusema. Kila alipoombwa vingine alitoa, huku akijiambia kwamba yule naye ni tasa tu, dawa itamzuilia nini? Moyo ukishaanza kujitetea, hauishiwi na hoja.

Kabla ya mavuno Augustine alikuja kwa mamake Kashebere, uso unang'aa. Alitapika asubuhi, matiti yalimuuma, na damu haikuwa imetoka mwezi ule. Mama Victorine alipiga vigelegele hadi wateja wakaacha kununua.

"Mama, ona na muguu," alisema Augustine, akipandisha kitenge. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, mwekundu, wa moto.

"Iko mimba hiyo. Hata ya Mbusa ilinivimbisha."

Léontine aliinama kuutazama mguu. Daktari alikuwa amemwonya: vidonge vikimezwa bila kupumzika huiga mimba, hata damu ikakoma; na mguu mmoja ukivimba hivyo, acha vidonge siku hiyohiyo, au damu iliyoganda itapanda kifuani ikuue.

"Dada, acha ile dawa," alisema. "Mimba ikishashika, haimezwi tena. Na uende kwa daktari, leo hii."

Alidhani amepata mlango wa kutokea. Mguu ulitibiwa, ukapona. Lakini vidonge vilipoachwa, damu ilikuja, nzito, kama inavyokuja kwa kila mwanamke asiye na mimba. Masisi nzima ikasema Augustine ameharibu mimba, na Mama Victorine akasema aliyeiharibu anajulikana.

Maharagwe yakavunwa. Augustine akashuka na furushi lake kichwani, akasimama mbele ya meza ya duka.

"Dada Léontine. Wewe njo uliniambia niache. Nambie tu, uliona mutoto wangu wivu?"

Mama Victorine alikuwa kizingitini, anasikiliza. Sentensi moja ya kweli ingemwambia Augustine kwamba hapakuwa na mtoto, kwamba jioni zote zile alikuwa akimeza utasa kwa mikono miwili. Ingemwambia na Mbusa yaliyobaki.

Léontine aliweka chini kibaba cha chumvi.

"Ndiyo, dada," alisema. "Nilikuonea wivu."