Ngumi ya Kifua

Mimi nafundisha watu kuendesha gari, kwa hiyo uvumilivu wangu huwa umekwisha kabla ya wiki kuisha. Jumapili ile nilipanga kulala tu, basi. Wifi yangu akapiga simu, na sauti yake haikuwa ya kunijulia hali.

"Wifi, kaka yako amemfukuza dada wa mazoezi. Kamwambia asirudi. Na vifaa vya saluni anasema atavigawa."

Kaka yangu ni kinyozi. Tangu apate kiharusi, mguu umerudi, ulimi umerudi, na ubishi ndio uliotangulia kurudi. Mkono wa kulia umebaki nyuma. Daktari alisema mbele yetu kwamba mkono huo unaweza kuamka, ila usipofanyishwa kazi miezi hii ya mwanzo, utazoea kulala. Dada wa mazoezi, yule wa tiba ya viungo, akamletea mpira laini wa kuminya. Kaka akauminya siku chache, akaona vidole haviitiki, akausukumia chini ya kochi na kusema yeye si mtoto. Mtu aliyekuwa akichonga mstari wa nywele huku anabishana kuhusu mpira wa miguu, sasa wageni wakija anauficha mkono wake chini ya mto. Hilo liliniuma, na mimi kitu kikiniuma hukasirika.

Nikapanda kiti, nikashusha boksi lililokuwa juu ya kabati langu, nikaenda kwake.

"Hiyo takataka umeitoa wapi?" akaniuliza nilipoitoa mashine yetu ya gemu ya utotoni pale sebuleni.

"Usijidanganye kwamba nimekuja kukuona wewe. Nimekuja na swali. Hii gemu ilikuwa nzuri kweli, au sisi tulikuwa watoto tu?"

"Ilikuwa nzuri."

"Mimi nasema ilikuwa uchafu."

"Washa."

Nilijua tu. Kaka yangu ukimwambia ale, atakataa. Ukimwambia chakula ni kibaya, atamaliza sahani ili akukomeshe. Nikaipuliza kaseti kama zamani, ingawa mpaka leo sijui ule upepo ulisaidia nini, nikachomeka waya nyuma ya televisheni ya wifi.

Gemu yenyewe ni ya mapigano. Jamaa mmoja anavuka mji uliobomoka huku akitwanga kila anayemjia. Maandishi yake hatukuweza kuyasoma, kwa hiyo majina tuliyatunga wenyewe. Jamaa tulimwita Kifua, kwa sababu kifua kilikuwa kipana na miguu kama ya kuazima. Safari inaanzia kwenye daraja la mto, na mwishoni mwa daraja hilo kulikuwa na jitu lililotokea pale pale unapoanza kufurahi. Hilo tuliliita Mwalimu wa Zamu.

Kifua akatokea kwenye kioo cha televisheni. Mungu wangu! Kichwani nilikuwa nimemtunza mwanamume mwenye misuli na jasho. Huyu alikuwa rundo la matofali lililoota masharubu.

"Ndiye huyu aliyetufanya tuache chakula kipoe?"

"Televisheni yenu mbovu," akasema kaka, kana kwamba televisheni si yake.

Muziki ulikuwa ule ule unaozunguka kama nzi, mpaka wifi akaja kupunguza sauti bila kuomba ruhusa. Nguzo za daraja zilimficha Kifua wakati adui anampiga. Na lile tatizo lake kubwa lilikuwepo bado: ukibonyeza ngumi, Kifua anafikiri kwanza, halafu ndipo anapiga. Utotoni tulimtukana kwa uzito huo hadi mama akatishia kuitupa mashine. Nilisikia huzuni kidogo, niseme kweli. Ni kama kurudi kwenye nyumba uliyokulia na kukuta mlango unafika kifuani.

Pedi ya kuchezea ilikuwa moja, nyingine ilitumbukia kwenye ndoo ya maji miaka hiyo. Gemu ni ya mtu mmoja na sisi tulikuwa wawili, basi tuligawana pedi kama mkate. Mimi nilishika upande wa kushoto wenye vitufe vya kutembeza, yeye upande wa kulia wa kupiga. Sifa zote alichukua yeye, mimi nikabaki dereva. Labda ndiyo maana nimeishia kazi hii.

"Leo tubadilishane," nikamwambia. Nilikuwa nimeshapanga ashike kushoto, kwa mkono wake mzima, acheke kidogo, moyo ulegee. Kuhusu mazoezi tungezungumza baadaye.

"Mimi ni mpigaji," akasema. Akaunyanyua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya pedi, kidole gumba kwenye kitufe. Wifi alikuwa mlangoni anafuta sahani iliyokwisha kukauka.

Adui wa kwanza akaja na rungu. Kidole cha kaka hakikutikisika. Kifua akasimama pale kama anasubiri kuhudumiwa, akapigwa, akafa. Tukarudishwa mwanzo. Akafa tena. Nikaona taya ya kaka inakaza, na jasho linamtoka puani, na sikuweza kuvumilia. Nikapenyeza kidole changu chini ya kiganja chake, nikabonyeza.

Kifua akarusha ngumi. Adui akaanguka majini.

"Umeona!" nikapaza sauti. Nikabonyeza na wa pili. Nikabonyeza na wa tatu.

Kaka hakushangilia. Gari la shule yetu lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yangu, na kila mwanafunzi, hata awe mzito vipi, hujua ni breki ya nani iliyosimamisha gari. Hanishukuru. Huinamisha kichwa tu, na siku hiyo haendeshi tena vizuri.

"Zile si ngumi zangu," akasema. "Zima."

"Sizimi."

"Nimesema zima! Umekuja kunichezea maigizo ndani ya nyumba yangu? Hata hili mnifanyie?"

Hapo mwenye busara angeomba radhi. Mimi nikapandwa na hasira.

"Basi kufa!" nikamwambia. "Kufa mwenyewe, kwa mkono wako, mara zote unazotaka. Mimi natembeza tu." Nikauchukua mkono wangu wa kulia nikaukalia, mbele yake, aone. Wifi akaacha kufuta sahani.

Akaniangalia. Kisha akakitazama kidole chake.

Tukafa. Sijui mara ngapi, nani anahesabu? Kitu kimoja nilikuwa nimekisahau kuhusu gemu ile, na ndicho pekee ambacho hakijazeeka. Ukifa, hakuna anayekusema. Hakuna anayekuonea huruma wala kukupa moyo kwa sauti ile ya hospitalini. Unarudishwa mwanzo wa daraja, muziki unaanza, adui yule yule anakuja na rungu lile lile.

"Kifua mzito," kaka akanong'ona.

"Alikuwa mzito siku zote."

"Ndiyo. Ilikuwa lazima ubonyeze kabla." Akaonyesha nguzo ya daraja kwa kidevu. "Nilikuwa nabonyeza adui akiwa kwenye nguzo. Mvute. Usimpeleke Kifua mbele, rudi nyuma, mlete adui taratibu."

Nikarudi nyuma. Adui akanifuata. Akafika kwenye nguzo, na kwa pembe ya jicho nikaona bega la kaka linaanza, halafu kiwiko, kama amri inayopita ofisi nyingi kabla ya kutekelezwa. Nikarudi tena nyuma. Ukuta ukawa mgongoni. Mkono niliokuwa nimeukalia ulikuwa unaniwasha kwa hamu ya kubonyeza, na nikaukandamiza kwa uzito wangu wote. Adui akainua rungu.

Kitufe kikatoa sauti. Kifua akafikiri. Halafu akapiga.

Adui akaruka juu ya ukingo wa daraja na kutumbukia.

"Hiyo ya nani?" kaka akauliza.

"Mkono wangu umekufa ganzi. Uulize wako."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumzaba kofi, yote kwa pamoja. Machozi yakanitoka na sikuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa kazini na mwingine haukuwa na hisia. Wa pili akatupiga. Hata kwa Mwalimu wa Zamu hatukufika. Kifua akaanguka, daraja likarudi, muziki ukaanza.

"Tena," akasema kaka.

Tukafa tena. "Tena," akasema. Kisha, bila kugeuka, akamwita mke wake. "Mpigie yule dada. Mwambie kesho aje. Na mpira wake nimeupoteza, aje na mwingine."

"Nitampigia," wifi akajibu, na akakimbilia jikoni na ile sahani yake.

Mpira ulikuwa chini ya kochi, unagusa kisigino changu. Nikanyamaza, nikamvuta adui taratibu hadi kwenye nguzo.