Siku Ruta Iliposahau Jina la Fathi

Mjukuu wangu Ziyad alizaliwa Montreal siku ya Jumamosi, baada ya binti yangu Nermin kungoja miaka kumi na mmoja. Siku yake ya saba ikaangukia Ijumaa, na kwetu Iskanderia siku ya saba haiahirishwi. Mtoto huwekwa kwenye ungo, mama yake anauruka mara saba, halafu bibi anagonga kinu cha shaba karibu na sikio la mtoto na kumwambia nani wa kumsikiliza hapa duniani. Msikilize mama yako, usimsikilize baba yako. Baba anasimama pale pale akicheka, maana naye aliambiwa hivyo hivyo juu ya babake.

Wakanada wamenikatalia viza mara mbili. Mama mkwe wa Nermin, Hajati Tahani, yeye walimpa, sijui aliwaonyesha nini. Basi tukakubaliana na Nermin: saa kumi na moja jioni kwangu, saa nne asubuhi kwao, nitagonga kinu changu hapa mtaani kwetu Bakos na sauti imfikie mtoto kwa simu. Nikichelewa, Hajati Tahani atagonga. Alikuwa amesafiri na kinu chake ndani ya sanduku, mwanamke yule, kati ya nguo za baridi.

Ijumaa hiyo, sala ikiwa imekwisha, nimekaa najaza karanga na peremende kwenye vifuko vya kugawia majirani. Simu ikaleta ujumbe: programu ya ruta yako imesasishwa. Hakuna aliyeniuliza. Nikafunua kitambaa kwenye ruta, kile kisanduku kinachotuletea intaneti. Huwa naifunika kwa kitambaa nilichofuma mwenyewe, sawa na televisheni na simu ya mezani, kwa sababu vumbi la mji huu halina adabu. Taa zote zilikuwa kijani isipokuwa ya intaneti, nyekundu.

Nikaizima, nikahesabu mpaka mia, nikaiwasha. Nyekundu. Nikapigia kampuni. Baada ya muziki wa nusu saa, kijana mmoja akaniambia ningoje saa arobaini na nane.

"Mwanangu, mimi nina saa tatu tu."

"Tunathamini subira yako, mama."

"Subira gani? Nani kakwambia ninayo?"

Akakata, au laini ilikatika, Mungu ndiye ajuaye. Nikaigeuza ruta, nikaona kitundu kidogo nyuma yake. Mimi nimelea, najua kwamba asiyesikia la neno husikia la mkono. Nikachukua sindano yangu nyembamba ya kufumia, nikaizamisha mle ndani nikashikilia mpaka taa zote zikazimika. Ziliporudi, nyekundu ilikuwa bado nyekundu, na sasa hata jina la mtandao wetu limepotea. Marehemu mume wangu aliuita Fathi, jina lake, mtu asiyekuwa na makuu. Badala yake simu ikanionyesha herufi na tarakimu zimefuatana kama namba ya gari.

Bando la simu halinisaidii. Jengo letu lina kuta nene za zamani, na simu inashika mtandao kwenye ngazi tu. Nikakaa kwenye ngazi, nikampigia Nermin kwa video. Akaganda mdomo wazi, nikasikia "Ma... ma... ma...", kisha kimya. Hata nikigonga kinu pale, mtoto angesikia robo ya mlio. Nikarudi ndani nikalia kidogo. Halafu nikajua ni nani wa kumwendea, na hapo ndipo nilipotaka kulia zaidi.

Ghorofa ya juu anakaa Dada Madiha. Hakuolewa, na alifanya kazi sentrali ya simu, kule laini za mji zinakounganishwa, miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Tangu Fathi yuko hai alikuwa akitumia intaneti yetu, na hatukuona tabu. Lakini wiki tano kabla ya siku hiyo, bando la mwezi liliisha tarehe ishirini, nikaamua moyoni kwamba ni yeye na wapwa zake na mipira yao wanayoitazama mtandaoni. Nikabadilisha neno la siri. Aliponiuliza, nikamwambia mtandao umeharibika, hata mimi sina. Kila tulipokutana alikuwa ananiuliza, "Umerudi?" Mimi najibu, "Bado, dada." Akaomba mara mbili aje aitazame ruta. Nikamkatalia.

Nikapanda. Akafungua mlango, bado amevaa kanga ya sala kichwani.

"Dada Madiha, mtandao umeharibika."

"Si ndiyo unavyoniambia mwezi mzima?"

"Sasa umeharibika kweli."

Akaegemea mlango kama mtu anayengoja habari yote. Kisha nikamweleza habari ya siku ya saba na Hajati Tahani, na nilipofika kwenye kinu cha sandukuni akawa ameshachukua miwani, kompyuta yake kuukuu na waya, anateremka mbele yangu.

Kwanza alishika kitambaa changu kwa vidole viwili.

"Na hiki?"

"Vumbi."

"Umeivalisha sweta mwezi wa nane, Mama Nermin. Ingekuwa na mdomo ingeomba maji."

Akaweka kitambaa pembeni. Akainua simu ya mezani akasikiliza mlio wake. "Laini ni nzima," akasema. "Ugonjwa uko ndani ya kisanduku." Akaunganisha kompyuta na ruta kwa waya, akafungua ukurasa wa mipangilio, akasogeza miwani.

"Sasisho hupotosha kitu kimoja au viwili. Hapa pamefutwa kila kitu, hata jina la laini. Nani amefanya hivi?"

Nikatazama dirishani.

"Mama Nermin."

"Sindano," nikasema.

"Sindano ya nini?"

"Ya kufumia."

Akacheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho. Nami nikacheka, ingawa jicho langu lilikuwa kwenye saa. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

"Basi tunataka jina la laini na neno la siri lile la kampuni, si hili la nyumbani. Liko kwenye mkataba. Mkataba uko wapi?"

Karatasi zetu za maana huwa naziweka kwenye kabati la vioo, chini ya sahani za wageni. Nikatoa sahani ishirini na nne, moja moja. Nikapata dhamana ya friji tuliyoiuza zamani, cheti cha chanjo cha Nermin, risiti ya pazia. Mkataba hapana. Nilipogeuka, Madiha hayupo. Nikasema moyoni, amechoka na mimi, na ana haki.

Akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Alinipa wiki ile aliyolazwa," akasema.

Ulikuwa mwandiko wa Fathi, ule wa kulalia upande mmoja. Jina la laini, neno la siri, na chini yake maneno yanayonitaja mimi kwa jina: *Madiha, Insaf atayapoteza haya. Siku akikuhitaji, msaidie, na tafadhali usimcheke.*

"Nimeshacheka," Madiha akasema. "Atanisamehe."

Nikakaa kwenye mkono wa kochi. Miaka mitatu mtu yuko kaburini bado ananishughulikia. Na huyu niliyemfungia mlango ndiye aliyekuwa ameniwekea amana ya marehemu, miaka yote mitatu, asinitajie hata siku moja. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Madiha akaandika. Tukangoja. Nyekundu. Akaandika tena polepole, huku mimi namsomea herufi moja moja. Nyekundu. Saa kumi na nusu.

"Jina ni sahihi, neno ni sahihi," akasema, anajisemea mwenyewe. Akashuka chini ya ukurasa, mahali ambapo mimi niliona kama orodha ya dawa. "Ahaa. Tazama hapa. Sasisho limeweka namba za njia za nchi nyingine. Sisi huku ni sifuri na thelathini na tano. Nimezisema namba hizi kwenye simu kwa watu wengi kuliko nilivyosema jina langu."

Akabadilisha, akabonyeza hifadhi, akakunja mikono. Taa ikapepesa mara kadhaa, ikatulia kijani.

"Jina la mtandao?" akauliza.

"Fathi."

"Na neno la siri?"

Hapo ningeweza kusema lolote, akaandika, tukaendelea na maisha. Lakini niliona nikinyamaza sasa, nitanyamaza mpaka kufa.

"Dada Madiha, mtandao haukuharibika. Nilibadilisha neno la siri ili usiingie."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Jina la Fathi lilikuwa linatokea kwenye simu yangu, vistari vyote vimejaa. Mtandao uliokufa hauna vistari."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mtandao ni wako. Halafu ndani ya wiki tano uliniletea mlenda uliopikwa kwa nyama ya sungura mara nne, wewe ambaye kwa mwaka huwa unaniletea mara mbili. Nikajua dhambi inakuuma. Nikasema na iume, mlenda ni mtamu."

Nikamwambia aweke tarehe aliyozaliwa Ziyad, na aanze kuliingiza neno hilo kwenye simu yake kabla ya yangu. Akafanya hivyo bila kunitazama.

Saa kumi na moja na dakika mbili Nermin akapokea, uso mzima, sauti safi. Nyuma yake Hajati Tahani alikuwa ameshainua mchi.

"Teremsha, hajati," nikasema. "Nipo."

Nermin akaweka simu karibu na ungo. Kwa mara ya kwanza nikamwona Ziyad vizuri, mwekundu, amekunja uso kama anadai kitu. Nikagonga kinu. "Ziyad, msikilize mama yako." Nikagonga. "Usimsikilize baba yako." Wakacheka kule, na baba akacheka. Mara ya tatu ni ya bibi kujitaja mwenyewe, na Hajati Tahani akasogea asikie ni bibi yupi.

Nikagonga. "Na msikilize bibi yako Madiha wa ghorofa ya juu. Nilimdanganya wiki tano, na leo ndiye aliyenifikisha kwako."

Nyuma yangu Madiha akanong'ona, "Mama Nermin, mbele za watu?"

Nikampa mchi. Alikuwa amehudhuria siku za saba za watoto wa mtaa mzima, akila karanga zao na kuwaombea dua, na hakuna aliyewahi kumpa mchi, kwa sababu mchi ni wa bibi. Akaushika kwa mikono miwili. Akagonga taratibu, kama mtoto yuko humu chumbani kwetu, na Ziyad akageuza uso kuelekea kwenye simu.

"Msikilize bibi yako Insaf," Madiha akasema.

Nikamshika bega. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru Fathi, nikamshukuru yeye, kwa sauti, Hajati Tahani akisikia yote. Kisha nikamwambia agonge tena, maana mtoto alikuwa bado anasikiliza.