Malkia Asiyelia

Awinja alichungulia penye upenyo wa pazia mara ya sita, na mara ya sita akamwona mama mkwe wake, Kageha, ameketi safu ya tatu, mkoba magotini, na Wendy, mtoto wa Awinja, kando yake. Mwaka mzima Kageha alikuwa amemshikilia mtoto kijijini kwake Iguhu, na leo mtoto mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania aletwe Kakamega mjini amwone mamake akiigiza.

Sikia kosa la Awinja, uniambie kama ni kosa. Mumewe alikula chakula cha jioni, akalala, hakuamka. Daktari aliandika moyo; kijiji kikaandika sumu. Na kwa nini? Kwa sababu siku ya mazishi, alipopewa kipaza sauti amuage mumewe kama mjane yeyote, alisimama tu mbele ya jeneza, macho makavu, mdomo umefungwa kama duka siku ya Jumapili. Kwetu mjane asiyelia wala kusema, huyo ana lake jambo. Tangu siku hiyo Kageha hakumwita Mama Wendy tena. Alimwita "yule mwanamke".

Sasa kundi lao la maigizo likachagua tamthilia ya kale, na tazama bahati ya mtu: akapewa malkia aliyefiwa, ambaye kwenye mazishi ya mfalme hatamki neno. Maneno yote anayo shemeji yake. Huyo shemeji ndiye muuaji, ila watazamaji hawajui mpaka mwisho. Nafasi hiyo aliipata Nehemiah, ambaye kazi yake ya kila wiki ni kuongoza matanga, na ulimi wake, jamani, ndio ule wa kumtoa nyoka pangoni.

Pazia likafunguliwa, Nehemiah akainama juu ya jeneza la mfalme. "Ndugu yangu, tulinyonya ziwa moja. Leo nani ataniita kwa jina la utotoni?"

Ukumbi ukaguna. Akina mama wakatoa leso. Alipomaliza, makofi yakapasuka, na Awinja akamwona Kageha akipiga makofi huku machozi yakimtiririka.

Kisha macho yote yakamgeukia malkia.

"Mbona huyu halii?" mwanamke mmoja akauliza kwa sauti.

"Si ndiye amemuua!" mwingine akamjibu, na safu nzima ikaafiki.

Loo! Awinja aliogopa, na kule kuogopa kukamtia hasira. Maneno ya kumlilia mumewe yalikuwa yamemkaa kooni tangu mwaka jana. Angeyamwaga sasa hivi, ayapambe kama Nehemiah, apigiwe makofi, arudishiwe mtoto wake. Akafungua mdomo. Mbele yake Nehemiah alikuwa bado anajipangusa macho kwa leso, muuaji yule, na watu wanamhurumia. Awinja akaufunga mdomo.

Mwishoni mtumishi akaleta kikombe cha sumu kilichopatikana chumbani kwa shemeji. "Kumbe!" ukumbi ukalia. "Kumbe ni yeye!" Kageha peke yake hakusema kitu. Alikuwa ameinama, anaitazama mikono yake.

Baadaye, Awinja akijifuta poda nyuma ya jukwaa, Kageha akaingia. Hakutaka kiti.

"Nimempigia muuaji makofi," akasema. "Kwa mikono yangu hii."

"Mama..."

"Siku ile, mbele ya mwanangu. Ulitaka kusema nini?"

Awinja akatafuta. Swali hili alilingoja mwaka mzima, akalifanyia mazoezi hata jikoni. Neno halikuja, hata moja. Akajua ameharibu tena, na safari hii hakuna wa kulaumiwa ila yeye mwenyewe.

Kageha alimtazama. Halafu akaufungua mlango, na Wendy alikuwa amesimama pale nje.

"Basi, wacha," Kageha alisema. "Mama Wendy, huyu mtoto hajala. Mpeleke kwako."