Ufa Tuliofichana

Siku tuliyomzika kaka yangu Anyitike, mpakiaji wa mikungu ya ndizi aliyesifika Tukuyu nzima kwa nguvu zake, nilirudi nyumbani na maumivu ya aina mbili. Ya moyoni waliyajua watu wote. Ya kinenani hata mke wangu Tusajigwe sikuwa nimemwambia. Nikajilaza mkekani jua lingali juu, machozi hayajakauka, usingizi ukanichukua.

Nikaota nimo katika nchi iliyozungukwa na ukuta wa nyama, laini, wenye joto kama tumbo la mtoto mchanga, na wenyeji wake walitembea polepole, huyu ameshika kinena, yule kitovu. Mwanamke mwenye sauti tamu akanivisha joho refu. "Naitwa Aibu," akasema. "Jifunike, mwanangu. Mambo ya sehemu hizo hayasemwi." Nyuma yake akaja bwana mnene, Mazoea, akicheka: "Si ukilala chali uvimbe unarudi ndani? Basi una ugonjwa gani?" Maneno yao yalinituliza, nikawafuata, na laiti ningalijua yanakoelekea.

Njiani akanishika mkono mama mwembamba, Hadhari jina lake, akanisimamisha mbele ya ufa ukutani. "Hii ndiyo ngiri," akasema taratibu. "Ukuta wa tumbo hulegea, pengine tangu kuzaliwa, pengine kwa mizigo, kikohozi na kujikamua chooni, na utumbo ukapenya. Mizizi haizibi ufa huu, wala mkanda. Daktari wa upasuaji huurudisha utumbo ndani, akashona ukuta, mara nyingi akauimarisha kwa wavu mwembamba wa kitabibu. Wapo wanaoambiwa wasubiri huku wakichunguzwa, lakini hilo huamuliwa na daktari, si Mazoea. Na uvimbe ukigoma kurudi, ukawa mgumu, ukauma, mtu akatapika, basi utumbo umenyongwa. Hapo mtu hangoji kupambazuke."

Nikachungulia. Utumbo ulikuwa umebanwa, mweusi kama zambarau, na kando yake ameketi Anyitike.

"Kaka, inuka twende hospitali!"

"Nilikwenda, mdogo wangu. Nilikwenda nimeshatapika siku nzima, na kilichobanwa kimeshaoza." Akautazama mkono wangu uliokuwa kinenani. "Nawe bado hujamwambia mtu?"

"Ulijua?"

"Nilikuona ukijishika tulipokuwa tukipakia ndizi, nikajua, maana nami nilikuwa hivyo hivyo. Niliogopa nikikuuliza, nawe utaniuliza."

Nikataka kumkumbatia, lakini ukuta ukajifunga kati yetu, nikalia kwa sauti hadi Tusajigwe akaniamsha.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ndugu wawili tulikula sahani moja, tukabeba mzigo mmoja, na kila mmoja akamficha mwenzake ugonjwa ule ule, akiona fahari kuitwa mwenye nguvu. Nikamwambia mke wangu, "Nina uvimbe kama wa marehemu." Akakaa chini. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mngeambiana…?" Hakumaliza; kulipokucha akanipeleka hospitali.

Wiki ile ile nilipasuliwa, nikashonwa na kuwekewa wavu. Nilipopata ruhusa ya kutembea mbali, nilikwenda kaburini kwa kaka yangu, nikaketi kwenye majani, nikamsimulia jinsi kutibiwa kulivyokuwa rahisi.