Ini la Malengelenge

Uvimbe ulipojitokeza shingoni mwa Anonciata, chini ya taya, bibi yake hakungoja hospitali iseme. Kokushubira alizunguka Kanoni nzima akieleza kwamba huo ni uchafu wa tumbo la mkamwana wake, Vestina, kwamba ukoo wao kule Kibingo huzaa watoto wenye dosari. Mganga wa zahanati naye aliupapasa, laini kama mfuko wa maji, akasema mtoto kazaliwa nao, ulikuwa umejificha tu. Basi bibi akapata shahidi. Akamwambia mwanawe Mutalemwa amrudishe mke kwao, mtoto abaki, maana mtoto ni wa ukoo.

Vestina hakubishana. Kila neno alilimeza akaliweka.

Uvimbe ukakua hadi mtoto akawa anakoroma akinywa uji. Vestina akambeba mgongoni mpaka hospitali kubwa, mtoto akapasuliwa. Daktari aliutoa mfuko mzima taratibu, usije ukapasuka maji yake yakamwua mtoto mezani. Kisha akauliza: nyumbani mna mbwa? Anakula nini? Akaeleza kuwa hayo ni mategu, minyoo ya mbwa. Mbwa akila ini bichi lenye malengelenge, minyoo humkaa tumboni. Mayai hutoka na kinyesi, hushika manyoya, yakaingia mdomoni mwa mtoto anayecheza naye, yakageuka mfuko kama ule. Anonciata hakuzaliwa na kitu.

Vestina alimjua mbwa huyo. Alikuwa mbwa wa kuwindia wa marehemu baba mkwe, na Kokushubira alimtunza kama mume. Kila mbuzi akichinjwa, ini bovu lilikuwa haki ya mbwa huyo. Mtoto alilala amemkumbatia barazani, bibi akicheka.

Siku ya Pasaka ukoo ulikusanyika kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani. Mutalemwa alikuwa ameahidi kutoa uamuzi wake kuhusu mkewe baada ya kula. Mbuzi akachinjwa, ini likatoka na malengelenge meupe. Kokushubira akalichukua, akamwita mbwa.

Vestina alimpisha njia. "Mpe, mama. Ukoo wote uone ulivyomtia ugonjwa mjukuu wako."

Akamfungua mtoto kitambaa cha shingoni, kovu likaonekana, akasimulia yote ya daktari, bila kupaza sauti. Shangazi Xaveria akaguna. "Kumbe dosari haikutoka Kibingo. Ilikuwa inabweka hapa hapa."

Kokushubira akaomba waingie ndani wayazungumze.

"Hapana, mama. La kwanza ulilisema barabarani." Vestina akamwekea jembe miguuni. "Chimba."

Akachimba shimo la kulizika ini, mama mzima, watu wakimtazama, na kila alipoinua kichwa Vestina alimwambia bado, mbwa atalifukua. Mutalemwa akamfunga mbwa kamba, akaenda naye nyuma ya migomba, akarudi peke yake. Habari za kumrudisha mtu Kibingo hazikutajwa tena.

Jioni Kokushubira alinyoosha mikono ampakate mjukuu.

"Kanawe kwanza," Vestina alisema.

Sabuni ilikuwa adimu mwaka ule, lakini alikuwa amemwekea kipande. Bibi akanawa, akarudi, mikono ikidondosha maji.

"Kanawe tena."