Mlio wa Saa Kumi na Mbili na Nusu

Simu ya Chigusa Momose ililia tena asubuhi ile, saa kumi na mbili na nusu kamili, mikono yake ikiwa imeenea wali wa moto. Alikuwa akifinyanga matonge mawili, moja lake na moja la binti yake Suzuna, aliyekuwa bado kutimiza miaka mitatu. Akainama kukitazama kioo cha simu bila kuigusa. Hapakuwa na namba. Palikuwa na maneno tu: haiwezi kuonyeshwa.

Akaiacha ilie. Vuli ile kila nyumba pale Ueda ilikuwa imepata karatasi ya mtaa inayoonya juu ya matapeli wanaopiga simu kwa namba za kujificha, wakijitia ni mtoto wako au mume wako aliyepata ajali. Mwanamke anayekaa peke yake, karatasi ilisema, awe macho zaidi. Na Chigusa alikuwa peke yake. Simu ikalia mara saba, ikanyamaza, naye akaendelea na wali wake, ila tonge la pili lilitoka limepinda.

Mumewe, Tomonori, alikuwa Hungaria. Kiwanda cha breki cha Shinozawa kilikuwa kimefungua tawi huko, na barua ya uhamisho ilikuja kama zinavyokuja zote: leo imefika, mwezi ujao mtu yuko ng'ambo, miaka mitatu. Kwa kawaida mke na watoto hubaki. Lakini safari hii kampuni ilikuwa na nyumba chache za familia kulekule, na mfanyakazi aliyetaka moja alipaswa kukabidhi fomu kabla Oktoba haijaisha. Asiyetaka angepewa chumba cha mtu mmoja.

Jioni ya mwisho, wakila, Tomonori alimwuliza mkewe kama wangemfuata. Chigusa akamwambia ampe muda afikirie. Si kwamba hakutaka. Suzuna ndiyo kwanza amepata nafasi ya chekechea, baada ya kungoja orodhani mwaka na miezi miwili, na Chigusa mwenyewe hakujua hata salamu ya huko. Nani angemsemea mtoto akiugua? Tomonori hakumshurutisha. Aliipigapiga simu yake nyeusi iliyokuwa mfukoni mwa shati.

"Basi utaniandikia jibu, mama Suzu," alisema. "Hii mashine hata mwezini inashika."

Walikuwa wamenunua simu za aina moja siku moja, yake nyeusi, ya mkewe ya rangi ya waridi. Zilikuwa za kukunja, zimeshiba kila kitu. Ukiigusisha getini, kituo cha treni kinakufungulia. Ukiiinamisha mbele ya mashine ya vinywaji, chai ya moto inadondoka. Ilionyesha televisheni, ilipiga picha ambayo ungeweza kuhesabu kope za mtoto. Kwa nini mtu awe na kompyuta nyumbani, au simu ya mezani? Hawakuwa navyo, wala hawakuona pengo.

Siku ya tatu baada ya mumewe kuondoka Chigusa alikata shauri. Alikuwa ameketi ukingoni mwa beseni la kuogea, mtoto akicheza na maji, na ghafla akaona miaka mitatu ilivyo mirefu. Suzuna angekuwa na miaka sita. Akaifungua simu kwa kidole chenye povu, akaandika: Tutakuja. Sote wawili. Jaza fomu. Akaongeza kijipicha cha ndege. Bahasha ndogo ikapaa juu ya kioo, ikapotea, na simu ikamwambia ujumbe umetumwa.

Hakujibiwa. Kesho yake hakujibiwa. Alijiambia uchovu wa safari, kisha kazi mpya, kisha hakujua tena ajiambie nini. Akatuma picha ya Suzuna na tufaha kubwa kuliko uso wake. Kimya. Akatuma maneno matatu tu, umelipata jibu langu, akajuta papo hapo kwa kuonekana anabembeleza; kumpigia ndiko hakuthubutu kabisa. Kila ujumbe uliondoka vizuri, kila mara simu ikimhakikishia kwamba umetumwa, na huo uhakika ndio uliomkata maini. Kama ungerudi, angesema njia ni mbovu. Lakini njia ilikuwa nzima. Basi aliyenyamaza ni mtu.

Jioni, gari la kuuza mafuta ya taa lilipopita na wimbo wake ule ule wa kila baridi inapoanza, Suzuna alikimbilia dirishani akidhani ni baba. Gari likapinda kona. Chigusa akamwambia mtoto kwamba baba ana kazi nyingi, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtu wa redioni.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba habari za mumewe zilikuwapo. Alikuwa akizipata kwa Mama Kitazume, mke wa mkuu wa idara, aliyekaa ghorofa ya juu katika jengo lilelile la kampuni alimokaa Chigusa. Mkuu huyo naye alikuwa huko Hungaria. Walikutana siku ya kutoa taka za kuchomwa, kila mmoja na mfuko wake.

"Bwana Momose hajambo kabisa," alisema Mama Kitazume. "Nasikia kila Ijumaa wanampeleka kula supu ya samaki, pilipili tupu, na anaomba aongezwe. Lakini nakueleza nini mimi? Ninyi vijana mnatumiana vijipicha mpaka chooni."

Chigusa alicheka. Akasema ndiyo, supu ya samaki, amemwambia, inamtoa jasho. Kisha akapanda ngazi taratibu, akafunga mlango, akasimama pale mlangoni kwa ndani, viatu bado miguuni.

Angeweza kumwuliza pale pale namba ya simu ya kiwanda. Lakini hilo lilikuwa sawa na kuanika matandiko machafu mbele ya kampuni nzima. Mke asiyejua namba ya mumewe! Habari ingevuka bahari kabla yake, na Tomonori angekuwa mtu ambaye nyumba yake imemshinda. Afadhali angoje. Alingoja, na kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu tapeli akapiga, na kila asubuhi akamwachia mpaka achoke. Alianza kumchukia mtu yule. Ni yeye peke yake duniani aliyekumbuka kumpigia.

Jumanne ya mwisho ya Oktoba simu haikulia. Jumatano haikulia. Chigusa alijiona amestarehe, kisha akajikuta, mikono ndani ya wali, anakisikilizia kile kimya.

Ijumaa mchana, alipotoka kazini kwake kwenye duka la mikate, alikuta kadi ya posta kisandukuni. Upande mmoja daraja juu ya mto. Upande wa pili mwandiko wa Tomonori, mdogo, umebanana kama watu wanaoogopa mvua.

Mama Suzu, ilisema. Simu yangu haishiki chochote huku. Imekuwa saa ya mfukoni. Nimekuandikia mara kumi na moja kwa kompyuta ya ofisini, na kila nikitaka kulala nakupigia kwa simu ya nyumba ya wageni, nikijua kwako ni alfajiri na umeamka. Huitiki. Nadhani jibu ndilo hilo, na sikulaumu. Nitapiga mpaka Jumatatu, kisha sitawasumbua tena. Mwambie Suzuna avae soksi.

Alisoma amesimama. Alisoma tena. Kisha akampandisha Suzuna kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, ingawa ndiyo kwanza ametoka kumchukua chekechea na mtoto analia njaa, akakanyaga mpaka duka la simu karibu na kituo.

Binti wa dukani alikuwa mpole, shingoni kitambaa cha manjano. Aliichukua simu kwa mikono miwili, akabonyezabonyeza, akainua macho. Simu hii, alieleza, imefungwa isipokee ujumbe wowote isipokuwa unaotoka kwenye simu za mkononi. Unaotoka kwenye kompyuta unakataliwa. Je, mteja aliifunga mwenyewe?

Hapo ndipo Chigusa alipokumbuka. Kiangazi, jumbe za kihuni zilikuwa zikimmiminikia, ishirini kwa siku, na Tomonori alikaa mezani jikoni akaifunga simu ya mkewe kwa hasira za mume mwema. Alimrudishia akisema sasa hakuna mshenzi atakayemwingilia. Kisha wakala tikitimaji.

"Na simu ya mume wangu?" aliuliza. "Mbona ilikuwa nzuri hivyo?"

"Ni nzuri, mama. Pengine huko hawana iliyo nzuri kama hiyo." Binti alitafuta maneno. "Ila imetengenezwa kwa mitambo ya kwetu tu. Mitambo ya kule haielewi. Haina wa kuongea naye."

Jumbe za Chigusa zilikuwa zimekaa kwenye mitambo ya kampuni ya simu zikimngoja, na zingengoja siku thelathini, kisha zifutwe. Akauliza zile kumi na moja za mumewe ziko wapi. Binti akainamisha kichwa. Zilikataliwa mlangoni, akasema. Hazihifadhiwi, wala mtumaji haambiwi. Hazikwenda popote.

Na kupiga ng'ambo kwa simu hii? Inawezekana, ila laini imeandikishwa kwa jina la bwana. Bwana aje mwenyewe na kitambulisho.

Chigusa alitaka kucheka akashindwa. Aliondoka na Suzuna ametulia na peremende ya dukani. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Ofisi za huko zingefunguliwa saa yoyote sasa, na zikifungwa jioni, Oktoba kwa kampuni ingekuwa imekwisha. Barabara yote alijaribu kutafuta njia isiyopita kwenye mlango wa Mama Kitazume. Hakuna.

Saa kumi jioni alibonyeza kengele ya ghorofa ya juu. Mama Kitazume alifungua akiwa na figili mkononi. Chigusa akainama mpaka nywele zikamwangukia usoni, akasema yote kwa pumzi moja asije akajirudi: kwamba tangu mumewe aondoke hajasikia neno lake, kwamba hana namba yake, kwamba anaomba asaidiwe.

"Wiki tatu na nusu?" Mama Kitazume alimtazama. "Na ile supu ya samaki iliyokuwa inamtoa jasho?"

"Nilisema uongo."

Mwanamke yule mkubwa akaigeuzageuza ile figili.

"Mimi nilisema uongo miaka minne," alisema. "Wangu alipopelekwa Brazili. Kila wiki nawaambia watu ameandika. Wala simu yake haikuwa na ubovu wowote. Vueni viatu, mnaingiza baridi."

Alikuwa na simu ya mezani, ya zamani, imevikwa kitambaa cha kufuma. Akapiga mwenyewe, tarakimu nyingi, kidole kimoja kwenye daftari. Kisha akampa Chigusa chombo cha kusikilizia, akaenda jikoni, akafungulia maji kwa nguvu ili ionekane hasikii.

Mwanamume alipokea kwa lugha isiyo na hata kona moja ya kushika. Chigusa akasema, "Momose." Akarudia, "Momose Tomonori," mara mbili, mara tatu, kama mtu anayeita mlangoni mwa nyumba kubwa. Palisikika mashine, vyuma vikigongana, hatua. Halafu pumzi ambayo angeitambua popote.

"Baba Suzu," alisema. "Nilikujibu tangu siku ya tatu. Nilisema tutakuja."

Huko kiti kikavutwa.

"Nilikabidhi fomu Jumatano," Tomonori alisema. "Niliandika mtu mmoja."

"Irudishe. Kaombe. Si mwisho ni leo?"

Akamwambia angoje. Chigusa alingoja chombo kimembana sikioni, na jikoni maji yakimwagika bila mtu kuosha kitu. Aliwaza jinsi dakika za ng'ambo zinavyokwenda kwa Mama Kitazume, akawaza chekechea, akawaza soksi. Tomonori aliporudi alikuwa anahema, alikuwa amekimbia.

Nyumba zimekwisha, alisema. Ya mwisho imechukuliwa jana na familia ya Kuzumaki. Nyingine zitapatikana Aprili. Ameandikisha jina lao liwe la kwanza, mkuu ameshuhudia. Aprili, kama wao bado wanataka.

Miezi mitano na zaidi. Nje ya dirisha la Mama Kitazume theluji ya kwanza ilikuwa imekaa juu ya vilele, mbali, wala bado haijashuka mjini. Chigusa alikuwa na maneno ya wiki tatu na nusu. Akasema tu kwamba wanataka. Akasema kesho asubuhi apige, ataitika. Mumewe akasema, eeh. Wakasikilizana wakipumua, mmoja anaanza siku, mwingine anaimaliza.

"Nipe Suzu," Tomonori alisema.

Chigusa alichuchumaa, akamwekea mtoto chombo sikioni, akasogeza shavu lake karibu ili naye asikie. Sauti ya baba ilitoka nyembamba, imebanwa na umbali. Ikauliza kama Suzu amekula. Ikauliza kama Suzu atakuja kwa baba, maua yakichanua.

Suzuna alikitazama chombo kwa macho makubwa. Kisha akaitikia kwa kichwa, mara moja, kwa nguvu, kidevu mpaka kifuani.

"Suzu?" ilisema sauti. "Suzu, upo? Utakuja?"

Mtoto akaitikia tena kwa kichwa, akashangaa mbona baba anarudia.

Chigusa akakichukua chombo.

"Amekubali," alisema. "Amekubali mara mbili. Wewe huoni tu."